Pleti moja, wanafunzi 64: barua ya wazi kuhusu somo la bakteria wa mifugo

Kwa viongozi wa Wizara ya Mifugo na Uvuvi, wakuu wa vyuo vya mifugo, wakuu wa maabara za veterinari nchini, na wahadhiri wenzangu wa Morogoro,

YAH: HAZINA YA MTANDAONI YA BAKTERIA WA MIFUGO, KWA KISWAHILI, KUTOKA MAABARA ZETU WENYEWE

Waheshimiwa, shikamooni kwa mnaostahili, na salamu kwenu nyote.

Mwaka jana wakati wa kiangazi nilipigiwa simu saa moja asubuhi na kijana niliyemfundisha. Sasa ni afisa mifugo wa kata, mbali na lami. Mbele yake alikuwa amelala ng'ombe dume aliyekufa usiku ule, tumbo limevimba, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na njia ya haja kubwa, na mwili haujakakamaa. Wenye ng'ombe walikuwa wameshanoa visu. "Mwalimu, nipasue nione bandama?" aliniuliza. Nikamwambia asithubutu. Awaondoe watu, achukue tone la damu ya sikio aipake kwenye slaidi, kisha ng'ombe afukiwe mzima, shimo refu, pamoja na udongo wote ulioloa damu.

Alifanya hivyo, na nyama ile haikuliwa. Lakini swali lake limenikaa moyoni mpaka leo. Kijana huyu alipata alama nzuri kwenye somo langu. Aliandika katika mtihani, bila kukosea neno, kwamba mzoga wa kimeta haupasuliwi kwa sababu bakteria wake wakikutana na hewa hugeuka spora, yaani mbegu ngumu zisizokufa kirahisi, na spora hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri mnyama mwingine. Maneno aliyajua. Kitu chenyewe hakuwahi kukiona. Slaidi pekee ya kimeta tuliyokuwa nayo chuoni ilikuwa imepauka kabla yeye hajajiunga, na hatukupata nyingine. Asubuhi ile nilimtafutia picha mtandaoni nikamtumia: fimbo za bluu zenye ncha butu kama zilizokatwa kwa wembe, zimefuatana mnyororo, na kila moja imezungukwa na ukungu wa waridi, kama alivyoeleza John M'Fadyean mwaka 1903. Picha ilikuwa nzito. Kule aliko mtandao unabeba ujumbe mfupi kwa shida. Ilifunguka usiku, ng'ombe ameshafukiwa na watu wameshalala.

Ndiyo maana naandika.

Mimi ni mkufunzi wa maabara ya bakteriolojia katika chuo cha mifugo, mwaka wa 14 sasa. Nitaeleza darasa langu lilivyo, na naamini wenzangu wa vyuo vingine watajiona humo. Muhula uliopita nilikuwa na wanafunzi 64. Wiki ya ugonjwa wa kiwele nilipata maziwa ya ng'ombe mmoja mgonjwa, nikaotesha pleti nne za damu, yaani visahani vya agari, ute ulioganda uliochanganywa na damu, ambamo bakteria huota. Moja iliingia uchafu, mbili zilikauka umeme ulipokatika usiku na inkubeta ikapoa kisha ikawaka kupita kiasi. Ilibaki moja. Wanafunzi 64 walipita mbele ya pleti hiyo kwa foleni kama watu wanaomuaga marehemu, kila mmoja sekunde chache, na wa nyuma waliikuta imeshafunikwa na mvuke wa pumzi za waliotangulia.

Basi wafanyeje? Wanapiga picha kwa simu. Hapa ndipo napenda mnisikilize kwa makini, kwa sababu tunapozungumzia masomo ya mtandaoni viongozi wengi hudhani ni jambo la kuanzishwa. Wanafunzi wameshalianzisha. Kila darasa lina kundi lake la WhatsApp, na katika kila kundi kuna mkusanyo wa picha unaorithishwa mwaka hadi mwaka. Nilioneshwa mkusanyo mmoja na mwanafunzi aliyekuwa anajiandaa kwa mtihani. Mlikuwa na picha karibu 300. Picha iliyoandikwa "stafilokoki" ilikuwa ya streptokoki. Nilipochunguza nikagundua kosa lilivyoanza: mwanafunzi wa miaka ya nyuma alichota koloni, yaani kishada cha bakteria walioota, kwenye agari ya damu akachota na damu yenyewe, akadondoshea haidrojeni peroksaidi, ambayo kwa stafilokoki hutoa povu na kwa streptokoki haitoi, na povu likatoka. Povu lile lilitoka kwenye chembe nyekundu za damu, si kwa bakteria. Akaandika alichodhani, akatuma, na kwa miaka kadhaa watu wamefanyia mtihani picha hiyo. Picha nyingine ya koloni za waridi kwenye agari ya MacConkey ilikuwa imepewa jina la salmonela, wakati waridi hapo huletwa na bakteria wanaotumia laktosi, sukari ya maziwa, na salmonela haitumii, koloni zake hubaki zimepauka.

Siwalaumu hata kidogo. Wameziba pengo tulilowaachia. Lakini afisa mifugo aliyejifunza kwa picha hiyo ndiye atakayeshauri sindano gani ichomwe kwenye kiwele cha ng'ombe wa mama anayeuza lita sita kwa siku.

Kuna watakaosema kwamba vitu vizuri vipo tayari, tena bure. Ni kweli, na ninawashukuru walioviweka. Chuo Kikuu cha Sayansi za Kilimo cha Sweden kina hazina iitwayo VetBact, yenye picha safi za bakteria wa wanyama na maelezo ya kila mmoja. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, WOAH, limeweka wazi mwongozo wake wote wa vipimo. Mimi mwenyewe nimejifunza mengi huko, na nawaelekeza wanafunzi wangu waende. Ila nimegundua kwamba picha ya ugenini inahitaji mkalimani, na si wa lugha peke yake.

Mchukue stafilokoki wa ugonjwa wa kiwele. Akioteshwa kwenye agari yenye damu ya kondoo au ya ng'ombe, mara nyingi utaona duara mbili kumzunguka: la ndani angavu, la nje lenye ukungu. Hilo la nje huletwa na sumu iitwayo beta, ambayo hushambulia chembe nyekundu za kondoo na ng'ombe, lakini za farasi haizigusi. Sasa mwanafunzi wangu amefungua picha iliyopigwa kwenye maabara inayotumia damu ya farasi, akaona duara moja safi. Kisha anaangalia pleti yetu, ambayo damu yake tumemtoa kondoo wa chuo asubuhi, anaona mbili. Anaamini pleti yetu imeharibika. Nimelieleza jambo hili kila mwaka kwa maneno. Picha mbili zilizowekwa sambamba, moja ya damu hii na moja ya damu ile, zingelimaliza kwa dakika moja.

Au upimaji wa dawa. Tunafundisha kupima kwa milimita duara la dawa, yaani eneo linalozunguka kidonge cha dawa ambalo bakteria hawakuota, kwenye agari ya Mueller-Hinton, na kitabu kinasema agari iwe na kina cha milimita 4. Vyuoni agari ni ghali, kwa hiyo inamiminwa nyembamba ili itoshe. Ikiwa nyembamba, dawa husambaa mbali zaidi na duara linatanuka, na bakteria sugu anaonekana kama anakufa. Hakuna hazina ya Ulaya itakayoonesha kosa hili, kwa sababu kule maabara nyingi hununua pleti zilizomiminwa kiwandani. Ni kosa letu, tunalijua sisi, na sisi ndio tunaopaswa kulipiga picha. Serikali imetangaza vita dhidi ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA, na kila duka la pembejeo za mifugo lina dawa ya bakteria, oksitetrasaiklini, kwenye rafu ya mbele. Vita hiyo inaanzia kwenye kina cha agari ya mwanafunzi.

Sasa nije kwenye sababu ambayo kwangu ni nzito kuliko zote. Wako bakteria ambao mwanafunzi wa mifugo ni lazima awatambue na ambao hatakiwi kabisa kuwaotesha. Kimeta ni mmoja. Brusela, anayewafanya ng'ombe watupe mimba, ni mwingine: huambukiza watu wa maabara kirahisi mno, kwa kuvuta hewa tu pale mtu anapofungua pleti ovyo. Kifua kikuu cha ng'ombe ni wa tatu. Hawa wanahitaji maabara za usalama wa juu, na chuo cha diploma hakina na hakipaswi kuwa nayo. Kwa bakteria hawa, picha na video ndilo somo la vitendo lenyewe. Hakuna lingine. Tukimnyima mwanafunzi picha nzuri ya brusela, anachobaki nacho ni sentensi ya kukariri. Akija kukutana naye, itakuwa kwenye kondo la nyuma la ng'ombe aliyetupa mimba, analivuta kwa mikono mitupu.

Nimekwishamwona aliyeugua hivyo. Alikuwa mwenzetu. Homa za kupanda na kushuka miezi minne, akitibiwa malaria na taifodi, mpaka mtu mmoja alipokumbuka kumuuliza anafanya kazi gani.

Nchi hii ina zaidi ya ng'ombe milioni 30. Ina maabara za kanda zinazopokea sampuli kila wiki, kutoka kwa ng'ombe, mbuzi, kuku na wanyamapori. Ina kituo cha Kibaha kinachozalisha chanjo za mifugo, zikiwemo za kimeta na chambavu, maana yake bakteria hao wako mikononi mwa wataalamu wetu, kwenye vyumba salama, na wanatazamwa kila siku. Ina Chuo Kikuu cha Sokoine, ambacho tangu 1984 kimefundisha madaktari wa mifugo walioenea nchi nzima. Hatukosi bakteria na hatukosi watu wanaowajua. Tunachokosa ni mtu aliyepewa kazi ya kupiga picha kabla pleti haijaingia kwenye autoklevu, chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu. Kila Ijumaa, katika maabara zetu zote, somo zima la wiki huchemshwa likamwagwa.

Na tuna historia ambayo tumeiacha isimuliwe na wengine. Robert Koch, yule aliyethibitisha mwaka 1876 kwamba kimeta kinaletwa na bakteria, alikuja kufanya utafiti Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19. Chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe inayotumika sehemu kubwa ya Afrika, T1/44, imetokana na kimelea aliyepatikana Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, akapitishwa kwenye mayai ya kuku mara 44 hadi akapungua ukali. Namba hiyo 44 iko kwenye jina lake. Kwa ndugu zetu wa Kenya nako ndiko alikotengwa kwa mara ya kwanza, mwaka 1976, kimelea wa homa ya mapafu ya mbuzi. Wanafunzi wangu wanachanja kwa T1/44 wakiwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona koloni yake, ndogo kama ncha ya sindano, yenye kiini katikati kama yai la kukaanga. Niliwachorea ubaoni kwa chaki.

Ninachoomba kinaeleweka kwa urahisi. Naomba hazina moja ya mtandaoni ya bakteria wa mifugo, ya wazi, isiyo na malipo wala nywila, inayojazwa na maabara zetu. Kila picha iwe na maelezo yake kamili: bakteria ametoka kwa mnyama gani, kiungo gani, wilaya gani, ameoteshwa kwenye agari gani, damu ya mnyama gani, saa ngapi, joto gani, na nani amethibitisha. Hilo la mwisho msilipuuze. Picha bila aliyeithibitisha ni yale yale ya WhatsApp.

Ziwemo na pleti mbaya. Naomba sana hili, kwa sababu kila mkusanyo nilioona unaonesha pleti za sikukuu tu. Mwanafunzi anahitaji kuona pleti iliyoingiliwa na bakteria aitwaye proteo akatapakaa yote kama wimbi, slaidi ya Gram (rangi inayowagawa bakteria makundi mawili, chanya wa zambarau na hasi wekundu) iliyosafishwa kwa spiriti kupita kiasi mpaka bakteria wa zambarau wakageuka wekundu, damu iliyotoka kwa kondoo aliyekuwa kwenye dozi ya dawa kwa hiyo hakuna kilichoota. Hayo ndiyo atakayokutana nayo Jumatatu.

Ziwemo video fupi za vipimo vya bei ndogo. Kuna kipimo cha tone la potasiamu haidroksaidi ambacho kinamtofautisha bakteria wa Gram hasi na chanya kwa nusu dakika: unakoroga koloni kwenye tone, na kama ni hasi kuta zake zinapasuka, ukiinua kijiti unavuta uzi wa ute. Hakihitaji hadubini. Hakihitaji umeme. Kukieleza kwa maandishi kunachukua ukurasa mzima na bado mwanafunzi haamini uzi huo mpaka auone. Video ya sekunde 20 inatosha, na iwe nyepesi.

Wepesi huo ni sharti, si pambo. Wengi wa wanafunzi wangu wana simu janja za bei ya chini na wananunua kifurushi cha siku. Ukurasa unaomeza bando kabla picha haijafunguka umemfungia mlango. Picha iwekwe kwa saizi mbili, ndogo ya kutazama na kubwa ya anayetaka. Na hazina nzima ipakuliwe mara moja kwa mwaka, iwekwe kwenye memori kadi na flashi, zigawiwe Tengeru, Mpwapwa, Buhuri, Madaba, Mabuki na kwingineko, hata vyuo binafsi. Mnakumbuka vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19 hadi tarehe 1 Juni. Tuliambiwa tufundishe mtandaoni. Mimi nilituma kurasa za daftari langu nilizozipiga picha kwa simu, zenye vivuli vya vidole vyangu, na nusu ya darasa hawakuzipata kwa sababu walikuwa nyumbani wanachunga.

Kuhusu lugha, sipingi Kiingereza. Mtihani uko kwa Kiingereza, majina ya kisayansi ni ya dunia nzima na yabaki yalivyo. Lakini maelezo yaanze kwa Kiswahili, kwa sababu mwanafunzi akishaelewa kwa Kiswahili kwa nini povu linatoka, jina la kimeng'enya atalikumbuka mwenyewe. Na kazi yake yote atakayoifanya maishani, ya kumshawishi mtu aache kupasua mzoga, ataifanya kwa Kiswahili au kwa lugha ya mfugaji. Maneno tunayo: kimeta, chambavu, kutupa mimba, ugonjwa wa kiwele, homa ya matumbo ya kuku. Yanayokosekana tukae na Baraza la Kiswahili, BAKITA, tuyatafute. Hazina kama hiyo itatumiwa pia na mwanafunzi wa Bukavu, wa Bujumbura na wa Kajiado, na wao watatuletea picha ambazo sisi hatuna.

Mtaniuliza gharama. Nitawajibu kwa nilichokiona. Miaka kadhaa nyuma, chuo kimoja nilichowahi kufanya kazi kilipata mradi, tukatengenezewa tovuti nzuri ya masomo. Ilizinduliwa kwa keki. Mfadhili alipomaliza muda wake, ada ya mwaka ya jina la tovuti haikulipwa, kiasi kidogo kuliko posho ya kikao kimoja, na kila kitu kikapotea, pamoja na picha zangu 90 ambazo sikuwa na nakala. Kwa hiyo siombi mradi. Naomba nafasi moja ya kazi yenye jina na mshahara kwenye taasisi ya umma, mtu ambaye akiulizwa "unafanya nini hapa" atajibu kwamba anatunza hazina ya bakteria. Ada ya tovuti iingie kwenye bajeti ya kawaida kama bili ya maji. Vifaa vingine ni taa, kitambaa cheusi, kiegemeo cha simu, na adapta ya kuishikiza simu kwenye hadubini.

Wapo pia wanaohofia kuweka picha za kimeta hadharani, wakidhani tutawafundisha wabaya. Nimeitafakari hofu hiyo kwa heshima. Njia za kuotesha bakteria hatari hazina haja ya kuwemo, na mimi nitakuwa wa kwanza kuzipinga. Picha ya damu chini ya hadubini na ya mzoga usiokakamaa haimfundishi mtu kudhuru. Inamfundisha kuweka kisu chini.

Wala sidai kwamba simu itachukua nafasi ya maabara. Harufu ya bakteria sudomonasi, tamu kama zabibu zilizoiva, haipiti kwenye kioo. Mkono unaochoma lupu, waya wa kuchotea bakteria, motoni na kusubiri ipoe kabla ya kugusa koloni haufunzwi kwa kutazama. Wizara isiitumie barua hii kama sababu ya kupunguza fedha za agari. Tunataka zote mbili, na mwanafunzi aliyeona picha 20 jana usiku atainufaisha ile pleti moja ya leo kuliko aliyeingia akiwa hajaona hata moja.

Mimi nimeshaanza upande wangu. Ninazo picha 412 kwenye flashi, zote zina tarehe, mnyama, agari na damu, na 57 kati yake ni za pleti zilizoharibika. Nitazitoa bila malipo na bila masharti kwa taasisi yoyote ya umma itakayokubali kuzitunza. Najua wakufunzi wawili wa vyuo vingine wanaokusanya zao kimyakimya kama mimi, na bila shaka wapo wengine. Darasa jipya linaingia Oktoba. Wiki ya nne ni ya kimeta, na slaidi yetu bado ni ile iliyopauka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkufunzi wa maabara ya bakteriolojia, chuo cha mifugo, Kanda ya Kati